Jitu Lililofichwa Mavini

Tulimzika Mwalimu Kasereka mvua ikinyesha, na udongo mwekundu wa Bunia ukatung'ang'ania viatuni mpaka nyumbani kwake mtaa wa Rwambuzi, tulikorudi kukaa matanga. Niliketi chini ya turubai, rozari mkononi, nikimshukuru Mungu kwa maisha marefu ya mtu aliyenifundisha Kilatini na Kigiriki, lugha mbili ambazo hazikunisaidia lolote sokoni lakini zilinifanya nielewe ninachoimba Misani. Akaingia mzee mmoja wa rika langu, anatembelea fimbo, meno ya mbele yamekwisha. Alinitazama, kisha akaita kwa sauti iliyowafanya hata wanawake jikoni wageuke: "Aristée, weye bado iko hai?" Alikuwa Lobo, tuliyesoma naye darasa moja, ambaye sikuwa nimemwona tangu tukiwa vijana. Tulikumbatiana tukalia kidogo, zaidi kwa ajili yetu wenyewe kuliko kwa ajili ya marehemu. Baadaye mjukuu wa marehemu, binti mwenye heshima, alipokuwa akitupatia chai, aliniuliza, akiniita babu kwa namna ya huku: "Koko, Aristée ndiyo jina yako ya batizo?" Lobo akacheka mpaka akapaliwa. Nilimwambia yule binti kwamba hapana, hilo ni jina la mdudu anayesukuma mavi. Alidhani namtania. Alishika birika lake akaondoka, na mimi nikabaki nikiona kwamba kosa lake lilikuwa lilelile ambalo nusura litumalize, babu yake na mimi, katika mwaka mmoja wa shule. Ndiyo maana naandika.

Sitaeleza nilizaliwa na nani wala vipi. Wazazi wangu wamekwisha kuombewa, na Mungu anawajua. Yatosha kusema kwamba nilitoka Mahagi-Port, kando ya ziwa, mahali ambapo maji hayamwishii mtu na kila kitu kinaoshwa, nikapelekwa Bunia, nje kidogo ya mji, katika shule ya bweni iliyokuwa ya mapadri. Nasema iliyokuwa, kwa sababu mwaka ule serikali ilikuwa imezichukua shule kutoka mikononi mwa Kanisa. Somo la dini lilifutwa, badala yake tukafundishwa mambo ya chama cha Rais. Darasani kwetu msalaba uliteremshwa ukutani, na pale ulipokuwa pakabaki alama nyeupe, maana chokaa ya sehemu nyingine ilikuwa imekwisha kuwa njano kwa moshi na miaka. Walitundika picha ya Rais juu ya ile alama, lakini picha ilikuwa ndogo. Mikono miwili myeupe ikachomoza kulia na kushoto kwa picha, na mwaka mzima tulisoma mbele ya Rais aliyenyoosha mikono. Hakuna aliyethubutu kulisema jambo hilo. Kila asubuhi tuliimba na kucheza nyimbo za kusifu chama kabla ya masomo, tukikatika viuno kwenye umande tumbo likiwa tupu. Kila mtu aliitwa sitwayeni, raia, toka mkuu wa shule hadi mpishi. Na majina ya ubatizo yalikatazwa. Ilitakiwa tuwe na majina ya mababu peke yake, na mwenye kuita au kuitikia jina la mtakatifu alihesabiwa kuwa mtumwa wa wazungu. Nikawa Ukumu, basi. Jina langu lingine nililitaja katika sala tu, kimya, blanketi likiwa juu ya kichwa.

Mwalimu Kasereka alikuwa mtu wa Butembo, mwembamba, mwenye viraka kwenye viwiko vya koti na chaki chini ya kucha. Aliwahi kuwa mseminari kabla ya kuoa, na wakubwa walijua. Mwanzoni mwa mwaka alisahau akafanya ishara ya msalaba kabla ya kuanza somo, kama alivyozoea, habari ikafika mjini, naye akaitwa. Alirudi baada ya siku chache. Tulichosikia tulikisikia kwa wapishi, waliokuwa wakiongea nyuma ya jiko bila kujali nani anapita: kwamba ameonywa, na kwamba likitokea jambo lingine la dini kwake hataitwa tena, atachukuliwa, na mke wake atarudi Butembo peke yake na watoto. Tangu hapo alipoingia darasani alikuwa akiushika mkono wa kuume kwa mkono wa kushoto, akaubana tumboni, mpaka tukae.

Nami nilikuwa na ugonjwa wangu, ambao ulikuwa kinyaa. Bwenini tulilala vitanda vya juu na chini, na wa juu yangu alikuwa akikojoa usingizini. Nilijifunza kulala nimejikunja upande wa ukuta kama herufi. Godoro lilikuwa na kunguni ambao ukiwaponda wananuka kama majani yaliyooza. Chumba cha kulia kilinuka maji ya kudekia, na meza zilikuwa na ute wa miaka yote, ukiweka kiwiko kinanata. Tulikula bugali ya muhogo na maharagwe yenye wadudu weusi, nao wengine waliwahesabu kuwa nyama. Siku za samaki zilikuwa mbaya zaidi. Samaki wa kukaushwa waliletwa kwa lori kutoka ziwani Tchomia, na mvua ikiwa imewapiga njiani walifika na funza. Mpishi aliwagonga kwenye nguzo ya jiko, mmoja mmoja, funza wakaanguka kama mchele, kuku wakawakimbilia. Kisha samaki akaingia sufuriani, na wiki nyingine kuku naye akaingia sufuriani. Niliyaona hayo, nikawa nala bugali kavu kwa chumvi. Nilifuta kijiko changu kwa leso yangu, na leso niliifua kila siku. Wenzangu walinichukia kidogo kwa hilo, na walikuwa na haki. Mtu anayefuta kijiko mezani anawaambia wengine kwamba wao ni uchafu.

Katika majira hayo ndipo Mwalimu alipotusimulia habari ya majitu. Kigiriki hakikuwa kimefutwa bado. Nadhani huko mjini hawakujua ni kitu gani. Alisimulia kwa Kifaransa, lakini alipofika penye utamu alirudi Kiswahili. Alisema hapo kale majitu yalipigana na miungu ya Wagiriki, yakirusha miamba na miti yenye moto, na mama yao alikuwa Udongo. Udongo wenyewe huu, alisema, akaukanyaga. Majitu yakauawa yote, kila moja kwa namna yake: moja lilitupiwa kisiwa kizima, jingine likachomwa mishale machoni. Majina yao makubwa yamo vitabuni. Lakini liko moja ambalo hata wasomi hawalitaji, kwa maana halikufa kishujaa. Jina lake kwa Kifaransa ni Aristée. Mama yake alipoona wengine wamekwisha, alimgeuza huyu kuwa dundu, yule mweusi anayeviringa mavi, akamwachilia kwenye mteremko wa mlima wa moto kama ile yetu ya upande wa Goma. Miungu ikapita juu yake ikitafuta jitu, ikaona dundu na tonge lake la mavi, ikageuza uso.

Lobo, ambaye hakuweza kunyamaza hata kanisani, aliinua mkono. "Mwalimu, ule mama iko na akili gani? Si angemugeuza simba?"

"Simba banamutafuta," Mwalimu akasema. "Mavi, nani anaitafuta?"

Darasa likacheka. Mimi sikucheka. Nilisema, kwa kiburi cha mtu ambaye hajaguswa na jambo lolote, kwamba ningekuwa mimi ningechagua kufa na ndugu zangu kuliko kuishi na mavi mdomoni. Mwalimu alinitazama kwa upole. Lobo alijibu kwa ajili yake. Alisema mimi ndiye yule jitu hasa, kwanza kwa urefu, kwa maana nilikuwa nimewapita wote kichwa kizima, na pili kwa sababu salongo ya choo wiki ile ilikuwa yangu. Salongo ilikuwa kazi ya lazima ya wakati ule, kila mtu kwa zamu, bila malipo na bila kulalamika. Kabla ya jua kuzama shule nzima ilikuwa inaniita Aristée.

Kazi ile ya choo naikumbuka kuliko mitihani yote. Shimo lilikuwa limejaa, na badala ya kuchimba jingine mkuu wa shule aliamua lipunguzwe. Tulichota kwa ndoo iliyofungwa kwenye mti mrefu, tukamwaga kwenye handaki nyuma ya bustani ya kabichi. Juu kulikuwa na tabaka lililokauka kama ukoko wa bugali, na chini yake kulikuwa hai, kulitembea. Funza wenye mikia walipanda kwenye mti wa ndoo wakielekea mkononi. Nzi wa kijani walitua mdomoni mwangu na nikajua walikotoka. Nilitapika, na matapishi nayo nikapaswa kuyachota. Wenzangu walipita kwa mbali wakiita, "Aristée, leo ulikula nini?" Nilikuwa nikinawa kwa majivu mpaka ngozi ikapasuka, na usiponuka mwili, pua ilikuwa inakumbuka. Nilimchukia Mwalimu kwa hadithi yake. Nilimchukia na yule mama wa majitu. Kumwokoa mwanao namna ile niliona ni tusi kubwa kuliko kumwacha afe.

Siku mjumbe wa chama alipofika ilikuwa siku ya joto, hakuna upepo. Alitoka mkoa mwingine, sijui upi, na alikuja kukagua kama shule zimeacha kweli mambo ya mapadri. Alivaa abakosti, ile suti ya watu wa chama isiyo na tai, ya rangi ya zambarau ambayo kwapani ilikuwa imegeuka nyeusi kwa jasho. Walimchinjia mbuzi. Tulioamriwa kuchota maji tulipita karibu na baraza alipokuwa akila na wakubwa wa shule, na nikamwona: aliukamua mfupa kwa meno, mafuta yakashuka kwenye kidevu hadi kwenye kola, akajifuta kwa mgongo wa mkono, akaulamba ule mgongo wa mkono. Huku akila alikuwa akieleza namna walivyomshughulikia mwalimu mmoja huko alikotoka, na akaeleza kwa vitendo, kwa kutumia mfupa, na wakubwa wakatikisa vichwa wakisema ndiyo, Sitwayeni Mjumbe. Mwalimu Kasereka alikuwa ameketi mwisho wa meza. Sahani yake ilikuwa imejaa bado.

Baada ya chakula tuliruhusiwa kucheza voliboli uani. Niliwekwa mbele kwa sababu ya urefu wangu. Tulikuwa tumenogewa, tumesahau kama kuna mgeni, na vijana wakawa wanaita kama walivyozoea: Aristée, kamata, Aristée, piga. Ghafla mchezo ukanyamaza upande wa pili wa wavu. Mjumbe alikuwa amesimama kwenye mstari, kijiti cha meno mdomoni, na nyuma yake vijana wawili wa chama waliokuja naye, na walimu wote.

Aliuliza ni nani huyo Aristée. Hakuna aliyejibu. Akasema kwa utulivu kwamba masikio yake hayana ugonjwa, na kwamba yeye ana siku nzima. Nikapiga hatua mbele. Nilimwambia jina langu ni Ukumu. Akauliza, na Aristée? Nikasema hilo ni jina la kutaniana tu.

"Ya kutaniana," akasema. "Petro nayo iko ya kutaniana? Paulo? Sasa huyu mutakatifu Aristée, sikukuu yake iko lini?"

Hakungoja jibu langu. Alimgeukia Mwalimu, na nikaona kwamba mimi sikuwa nimeletwa pale kwa ajili yangu. Mimi ningefukuzwa, labda na viboko. Nilikuwa mlango tu wa kumfikia yeye. Mjumbe alimkumbusha kwamba ameshaonywa. Kijana mmoja alikwenda akafungua mlango wa nyuma wa Land Rover. Yote hayo yalifanyika bila mtu kupaza sauti, na mkuu wa shule alikuwa akitazama viatu vyake. Mwalimu alisimama na mkono wake umebanwa tumboni, akaeleza polepole, kama anafundisha: si mtakatifu, ni hadithi ya Wagiriki wa kale wasiojua ubatizo, ni jitu lililogeuzwa dundu la mavi, na watoto wamempa mwenzao kwa mzaha.

Mjumbe alitoa kijiti mdomoni, akakitazama. "Muzee," akasema, "weye unaniona mupumbavu? Nani anaweza kuita mutoto wa mutu mavi?"

Nimelifikiria swali hilo maisha yangu yote. Aliuliza kwa unyofu. Mtu yule, ambaye dakika chache kabla alikuwa akituonyesha kwa mfupa wa mbuzi namna mwalimu alivyovunjwa mkono, hakuweza kuamini kwamba watoto wangeitana jina chafu namna hiyo. Kwake jina la mtakatifu lilikuwa kosa linaloeleweka. Uchafu ndio ulikuwa uongo usioaminika. Mwalimu aliambiwa aende, gari linangoja. Akaanza kwenda. Mguu wake mmoja ulikuwa tayari umepanda kwenye kile kidaraja cha gari Lobo aliposema kutoka mstarini, kwa sauti nyembamba ambayo sikuwahi kuisikia kwake:

"Sitwayeni Mjumbe, ni kweli. Tulimuita vile juu iko na kinyaa. Hata kijiko anapangusa."

Wengine wakaitikia, ndiyo, anapangusa, ni kweli. Mjumbe akanitazama upya, kuanzia miguuni. Uso wake ulibadilika. Ulifunguka kama wa mtu aliyekumbushwa wimbo. Akasema jambo hilo ni rahisi kupima. Kama ni jina la mtakatifu, mwenye jina atakataa lisichafuliwe, kwa maana wakristo ndivyo walivyo. Kama ni jina la dundu, basi atafanya kazi ya dundu. Akanyoosha kidole kando ya uwanja, mahali ng'ombe wa jirani walipokuwa wakikatiza kwenda kunywa maji. Walikuwa wamepita muda si mrefu. Palikuwa na lundo bichi, bado linafuka mvuke.

Nilimtazama Mwalimu. Hakunionyesha ishara yoyote. Alisimama na mguu mmoja garini na mwingine chini, na hakunitazama usoni. Alitazama mikono yangu. Ningependa kuandika hapa kwamba nilisali, lakini sala haikuja. Kilichokuja ni harufu. Nilipiga magoti. Mjumbe akasema dundu havai viatu, nikavua viatu. Akasema dundu anafinyanga kwanza, nikatia mikono. Mavi yalikuwa ya moto. Hilo ndilo lililonishangaza, lile joto, kama kuingiza mikono ndani ya kitu kilicho hai. Yalipita kati ya vidole, yakapanda hadi kwenye vifundo, na ndani yake mlikuwa na nyuzi za majani na vitu vidogo vilivyojikunja. Nikaviringa. Tonge lilivunjika, nikaviringa tena. Kisha nikageuka, kichwa chini na viganja chini, nikalisukuma kwa nyayo kwenda kinyumenyume kama Mwalimu alivyotueleza, na jasho likaniingia machoni, na sikuweza kulifuta.

"Unaitwa nani?" Mjumbe akauliza juu yangu.

"Aristée."

"Ni nani huyo?"

"Dundu ya mavi."

Akaniambia niseme kwa nguvu, wa nyuma hawajasikia. Nikasema kwa nguvu. Ndipo alipocheka. Alicheka kwa tumbo lote, harufu ya mbuzi ikanifikia pale chini, na uzi wa nyama uliomtoka menoni ukaangukia shingoni mwangu. Vijana wake wakacheka, wakubwa wa shule wakacheka, na wenzangu nao, kwa hofu kwanza na baadaye kwa kweli. Kisha nikasikia kicheko kimoja ambacho nilikitambua, kikavu, cha kupanda na kushuka kama mtu anayesoma kicheko kilichoandikwa ubaoni. Mwalimu alikuwa anacheka. Nilikuwa nimevumilia yote mpaka hapo. Kicheko kile ndicho kilichonichefua. Nilitamani dunia ipasuke immeze yeye kwanza.

Mjumbe alifuta machozi, akatangaza kwamba jina ni langu kwa haki, na kwamba waniite hivyohivyo. Akampigapiga Mwalimu begani, akamwambia hadithi zake ni za kijinga lakini hazina dini, afunge mlango wa gari vumbi lisiingie. Kisha akaomba maji na sabuni. Hakuwa amegusa kitu. Alinawa hadi kwenye viwiko, mwanafunzi akimmiminia, akajipangusa kwa taulo ya mkuu wa shule, na gari likaondoka. Sabuni ikarudishwa kabatini ikafungiwa, na mimi bado nilikuwa nimeinama.

Kwa neema ya Mungu nimekuwa katekista miaka mingi. Nimeosha wagonjwa wenye vidonda ambavyo ndugu zao walivikimbia, na nimeosha maiti za siku nyingi, katika miaka mibaya ambayo sitaisimulia hapa. Watu wa parokia husema mzee huyu hana kinyaa, Mungu amemwondolea. Wanakosea. Ninacho chote, hakikupungua hata kidogo. Ila kimehama. Mavi ya ng'ombe wenyeji wa huku wanasiliba nayo sakafu, yakikauka ni nyasi tu. Lakini nikikaa katika baraza na wakubwa wakaanza kucheka kwa pamoja, mmoja akiwa anatazama mwingine ili ajue muda wa kunyamaza, mate yananijaa mdomoni, na hutoka nje nikasingizia kikohozi.

Jioni ile bomba halikuwa na maji. Nilijisugua kwa majivu na majani ya kabichi, nikaingia chumba cha kulia nimechelewa. Mwaka ule sahani zilikuwa zimepungua kwa kuibwa, na kila meza ilikula bakuli moja, watu wakichota kwa mkono. Nilipoketi, aliyekuwa kulia kwangu akasogea. Kisha wa kushoto. Bakuli likavutwa taratibu hadi mwisho mwingine wa meza, si kwa ubaya, nadhani. Mimi mwenyewe ningelivuta. Lobo alikuwa akitazama ukuta. Baada ya muda mmoja wao alinimegea tonge, akaliweka mezani mbele yangu, kwenye ule ute, akarudisha mkono wake haraka.

Mwalimu Kasereka akaingia. Walimu hawakula nasi kamwe. Alipita kati ya meza, akalichukua bakuli pale lilipofichwa, akaja nalo, akaketi kwenye benchi karibu nami hata viraka vya kiwiko chake vikagusa mkono wangu. Aliweka bakuli katikati yetu. Akamega, akachovya, akala. Akanisukumia bakuli. Sikugusa. Nilisema, bila kumtazama, kwamba alicheka.

"Nilicheka," akasema. "Kama singecheka, angeuliza tena."

Aliendelea kula. Alitafuna polepole upande mmoja, kwa sababu ya jino lake bovu, na mchuzi ukamdondoka kwenye suruali. Nilimwuliza kitu ambacho sikuwa nimefikiria kukiuliza: kama yule jitu baadaye, miungu ilipokwisha kupita, aligeuka kuwa jitu tena. Mwalimu alifikiri kama mtu aliyeulizwa na mwenzake.

"Vitabu havisemi, mwanangu."

Kisha akaacha kula. Aliuinua mkono wake wa kuume, wenye mchuzi na chembe za bugali, taratibu, mbele ya chumba kizima, mbele ya wapishi waliosimama mlangoni na ambao kila neno lao lilifika mjini, akaupeleka kwenye paji la uso, kifuani, bega moja na jingine. Akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa ya kumwita mtu mezani:

"Kula, Anselmi."

Tangu mwaka uanze hakuna kinywa kilichokuwa kimelitamka jina hilo la ubatizo wangu isipokuwa changu, chini ya blanketi. Nilitazama mlangoni. Mpishi mmoja alikuwa akipangusa sufuria ambayo ilikuwa safi tayari. Mwingine aliinama akaokota kitu ambacho hakikuwapo. Mezani kwetu Lobo alisogea kwenye benchi, akasogea tena, mpaka akanigusa, akatia mkono wake bakulini bila kunitazama. Nami nikatia wangu. Ulikuwa bado unanuka, na nilipoufikisha mdomoni roho ilinichafuka kama ilivyokuwa imechafuka uwanjani. Nikameza, nikamega tena.